Safari Nyepesi ya Kwenda Salt

Madaba, Jumatatu asubuhi

Dada yangu mpenzi Tahani,

Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba uinuke ukafunge mlango. Barua hii ni yako peke yako. Shemeji Qasim asiione, na watoto usiwasomee kwa sauti kama ulivyozoea kuwasomea barua zangu. Mama usimpigie simu, hata moyo ukikataa kutulia. Ukimaliza kuisoma ichome, kisha ufanye jambo moja nitakalokuomba mwishoni. Najua nakutisha. Nisamehe, maana mimi nimetangulia kutishika.

Baada ya ombi hilo nakusalimu kwa salamu zote unazonidai tangu mwezi wa pili. Natumaini mu wazima huko Aqaba, joto halijawaanza mapema, na kile kifua cha mtoto kimepoa. Mimi mwili ni mzima. Chakula nakila kwa sababu nawekewa mbele, na usingizi naupata vipande vipande, lakini siumwi. Nimechoka tu, dada. Nimechoka kama mtu aliyebeba kabati kwenye ngazi, na kila akitaka kulitua anaambiwa bado ghorofa moja.

Ngoja nianze na habari za kazini, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanzia. Mkurugenzi wetu, Bwana Rushdi, anastaafu mwisho wa mwezi huu. Idara nzima ilikubaliana kwamba tusimuage kwa keki na hotuba ofisini, bali tutoke naye siku moja. Akaulizwa apendako. Akasema anataka safari nyepesi, isiyomchosha mtu: tutoke Amman asubuhi, tutembee mji wenye historia, tule, turudi kabla ya magharibi. Akautaja mji wa Salt. Kisha akatazama huku na huku, akaniona, akasema kazi hiyo apewe Muntasir kwa sababu Muntasir hasahau kitu.

Nilijaribu kumgeuza. Nilimwendea ofisini kwake na karatasi nimezipanga vizuri, nikamweleza kuwa Madaba ina michoro ya kale na barabara ya tambarare, na Jerash ina nguzo za Warumi na kivuli cha kutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. “Mwanangu,” akaniambia, “Jerash nimepelekwa na kila mgeni aliyekuja nchi hii. Salt ni hapo tu. Mtu anakwenda na kurudi chai yake haijapoa. Au unaogopa vilima?” Nikacheka kidogo, nikasema siogopi vilima.

Wiki tatu nilizoipangia safari hiyo nyepesi zimenizeesha. Bi Haifa wa masjala alikuja mezani kwangu kila siku kunikumbusha magoti yake. Alitaka kujua ngazi ni ngapi kutoka sokoni hadi kwenye nyumba ya makumbusho, nikalazimika kumpigia simu mlinzi wa pale na kumwomba azihesabu. Nilipomletea idadi, alisema, “Na za kushuka?” Wapo waliotaka mansafu mchana, wali wake na nyama yake ya mtindi, wakisema mtu haendi Salt kula maharage. Wengine walidai kuwa ukishashiba mansafu hutembei tena, utavingirishwa hadi kwenye basi. Kila mmoja alitaka kukaa mbele. Mmoja alitaka kukaa mbele, lakini si jirani na Bi Haifa. Niliandika ratiba mara sita. Saa mbili kuondoka. Saa tatu kasorobo kufika. Mtaa wa Hammam, soko, zabibu, makumbusho, picha kwenye ngazi za mawe ya njano, dakika kumi za kuwatazama wazee wanaocheza bao uwanjani. Kwa kuwa mimi ni mimi, niliandika pia chini ya tangazo kwamba wanaume wote wavae suti, kwa heshima ya mkurugenzi.

Siku mbili kabla ya safari alinijia Zuhdi, karani mwenzangu, ambaye kwao ni Salt. Alisema ni aibu watu wa idara yake wapite mlangoni kwao bila kuonja kahawa. Ami yake ana baraza kubwa la wageni juu ya soko, na amekwisha mpigia simu. Nilimwuliza alimwambia nini hasa, maana napenda kujua kila neno. Akajibu, “Nimemwambia, ami, Jumamosi nakuletea watu wazito kutoka Amman, tuandalie kahawa. Ulitaka nimwambie nini tena, nimtumie ratiba yako?” Nikaliandika baraza hilo kwenye ratiba, nusu saa. Jina la ami yake sikuuliza. Mimi, ninayeuliza idadi ya ngazi, hilo sikuliuliza.

Basi Jumamosi tukaenda. Hali ya hewa ilikuwa safi na vilima vilikuwa vya kijani. Watu waliimba njia nzima, na mkurugenzi akapiga makofi. Hakuna aliyepotea. Makumbusho yalikuwa wazi, na mlinzi alitupokea kwa kuniuliza kama mimi ndiye yule wa ngazi. Saa tano na nusu nilimwacha Bi Haifa na wanawake wengine sokoni, kwa sababu njia ya kwenda kwa ami yake Zuhdi ni kupanda tu. Nikawaita wanaume. Tulikuwa kumi na saba. Uchochoro wa ngazi ni mwembamba, kwa hiyo nikawapanga wawili wawili, mkurugenzi mbele na Zuhdi ubavuni kwake, wenye mvi wakifuata na vijana nyuma. Ukitutazama kutoka juu, dada, ungesema nini? Wanaume kumi na saba katika suti nyeusi, wamenyamaza kwa kuhema, mzee mwenye nywele nyeupe akiwatangulia, na kijana wa ukoo akiwaongoza kwenye nyumba ya ami yake. Mimi sikuona. Nilikuwa natazama saa.

Mlangoni tulikuta wanaume wa nyumba ile wamesimama mstari mmoja, kama kumi na wanane hivi, wamevaa majoho na vilemba vyao vyekundu. Nikadhani ndio ukarimu wa Salt. Zuhdi akambusu mzee begani, akasema, “Hawa ndio wageni wangu, Baba Nufan.” Niliposikia jina hilo nilishikwa na baridi miguuni. Aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nazimia, nikasingizia ngazi. Ndani, ukutani juu ya kichwa cha mzee, palikuwa na picha ya mwanamume wa miaka thelathini na kitu, na utepe mweusi kwenye kona. Nilikaa mahali ambapo ningeweza kutoiona.

Kahawa ikapitishwa, kikombe cha kwanza kwa mkurugenzi. Wewe unajua, kama ajuavyo kila aliyelelewa kwetu, kwamba mgeni mkubwa akipokea kahawa na kuitua bila kuinywa, amekwisha sema: nina haja nawe, na sinywi mpaka unipe. Bwana Rushdi analijua hilo kama wewe na mimi. Lakini ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza kahawa, na sokoni alikuwa amekwisha kunywa vikombe vitatu kwa kuona haya kukataa. Alikishika kikombe kidogo, akakitua mezani taratibu, akanyoosha tai yake. Akaanza kushukuru, na unajua wazee wanavyoshukuru. Akasema tumekuja katika nyumba hii kwa sababu ya jina lake jema. Akasema wenye nyumba hii hawamrudishi mtu mlangoni.

Mzee alimtazama muda mrefu sana, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa mstari nilikokaa. Akasema, “Kunywa kahawa yako, bwana. Mlichokijia mmekipata.”

Mkurugenzi alidhani mzee anamkaribisha tu. Aliona haya kukataa mara ya pili, akakiinua kikombe na kukimaliza kwa mkupuo mmoja, bila kujali tumbo lake. Wanaume wa nyumba ile wakainamisha vichwa. Mzee akainuka kwa fimbo yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba damu ya mwanawe Nufan ameiachia kwa ajili ya Mungu, kisha kwa ajili ya nyuso zilizoingia humu leo. Akasema alikuwa akiwangoja watu hawa waje kuomba msamaha kwa miaka miwili na mwezi mmoja. Kila simu ilipolia alidhani ndio wao. Alikuwa amekwisha kata tamaa kwamba aliyemgonga mwanawe na kumwacha barabarani ana jamaa wenye haya.

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa mkurugenzi. Zuhdi alipauka mpaka midomo. Akaenda kwa magoti hadi kwa ami yake, akamnong’oneza, na nikamwona mzee anasikia, na uso wake haubadiliki. Lakini mtoto wake wa pili, Ghazi, alikuwa karibu na aliyasikia yote. Akasimama. “Wamekuja kutembea, baba,” akasema. “Wana basi uwanjani. Wamemuaga mkubwa wao, wamenunua zabibu, wakapita hapa. Umesamehe nani sasa? Umelisamehe basi?” Mmoja wa binamu zake akacheka kwa hasira. Mwingine akamwambia mkurugenzi, “Na wewe bwana, hukuona pa kuweka kikombe ila hapo?” Bwana Rushdi akaanza kuomba radhi, akataja tumbo, akataja daktari, na kila neno likazidi kumdhalilisha mzee mbele ya watu wake.

Baba Nufan akamwambia Ghazi akae. Hakupaza sauti. Alisema, “Neno langu sikulitoa kwa basi. Nimelitoa mbele ya wanaume wazima, na huyu bwana amekunywa.” Ghazi akasema hakuna aliyeliomba, kwa hiyo halipo. Wakabishana pale pale mbele yetu, nasi hatujui tukae au tutoke. Mwishoni mzee akapiga fimbo sakafuni na kutoa uamuzi. Alisema aliyefanya kitendo kile ana watu, na habari ya leo itatembea mpaka imfikie. Atamngoja hadi mwezi huu uishe. Akija mwenyewe kwa miguu yake, na wakubwa wa kwao, akaingia kwa mlango huu, ataondoka mzima na jamaa zake hawataguswa. “Mwezi ukiisha bila mtu kuja,” akamwambia Ghazi, “mimi nitakuwa mzee aliyepayuka mbele ya wageni. Mambo yatakuwa yako, mtafute upendavyo.” Ghazi akajibu, “Nitamtafuta.”

Tulishuka zile ngazi bila mpangilio wowote. Kwenye basi Bi Haifa aliuliza mbona tumerudi kama watu waliotoka makaburini, na je, kuna aliyemchukulia zabibu. Tulipokaribia Amman, Bwana Rushdi aliomba maji, akameza dawa yake, akanipigapiga gotini. “Usijilaumu, mwanangu,” akasema. “Kwa upande wako kila kitu kimekwenda kwa saa yake.”

Dada Tahani, sasa nakuandikia lile lililonifanya nikuombe ufunge mlango.

Unakumbuka miaka miwili iliyopita, majira ya baridi, mlipokuwa bado mnakaa Amman, uliponiazima gari lako niende Bondeni kwenye harusi ya mwenzangu wa chuo. Nililirudisha taa ya kulia imevunjika na bati limebonyea, nikakuambia nimegonga punda. Ulinilaumu siku mbili, ukasema punda naye ana mwenyewe, na kwa nini sikumtafuta mwenyewe nikamwomba radhi. Hapakuwa na punda. Ilikuwa alasiri, kwenye barabara ya bondeni inayopanda kwenda Salt, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami. Nilikuwa nakwenda haraka ili nikurudishie gari kabla shemeji hajatoka kazini. Niliona joho, na hapo hapo nikasikia kishindo. Nilisimama, dada, nataka ujue kwamba nilisimama. Nilishuka nikamwona amelala ubavu kwenye majani, mfuko wake umefunguka na madaftari ya wanafunzi yametawanyika. Mkono wake ulitikisika. Nikaona taa za lori zikija kwa chini, nikajiambia hao watamchukua, hao wana nafasi, mimi sijui hata hospitali iko wapi. Nikaingia garini nikaondoka. Siku ya tatu nilisoma gazetini kwamba ni mwalimu wa hesabu, alikuwa akitembea kwenda shambani kwao, ameacha mke na binti wawili, na kwamba alifia njiani. Nilisoma na jina lake. Tangu siku hiyo sijapita Salt, na ndiyo sababu nilimng’ang’aniza mkurugenzi twende Jerash.

Sikuipanga safari ile ili nisamehewe. Ningekuwa na ujasiri huo ningekwenda zamani. Nilipanga basi na suti na ngazi, na nikawapeleka kwa mikono yangu watu wa kuniombea bila wao kujua, kwa mzee aliyesamehe bila kujua anamsamehe nani, nami nimekaa mwisho wa mstari na kikombe changu. Nilikunywa, dada. Kilipofika kwangu wakati wa makelele yale, nilikinywa ili nami nisionekane nimekitua.

Tangu Jumamosi sijakwenda ofisini. Nimeyapima yote. Nikinyamaza, mwezi unakwisha baada ya siku kumi na moja, na Ghazi ataanza kuuliza kwenye magereji nani alibadilisha taa majira yale, na gari lilikuwa lako, na jina kwenye kadi ni la shemeji. Watakuja kwako kwanza. Nikisema peke yangu, bila wakubwa, wataona nimewadharau, na unajua yaliyowapata jirani zetu wa zamani pale Karak: ukoo mzima ulifunga milango ukahama kwa kosa la mmoja. Baba ana miaka arobaini katika duka lile la mbegu. Sitaki afungiwe kwa ajili yangu. Lakini kama nilivyomsikia mzee kwa masikio yangu, mlango upo wazi mpaka mwisho wa mwezi, na sijui kama maishani mwangu utafunguliwa tena. Polisi nao wana yao. Hayo nitayabeba mwenyewe.

Ninalokuomba ni hili. Nenda Karak kesho, usipige simu, mweleze baba ana kwa ana. Wewe anakusikiliza, mimi ataniona mwoga, na atakuwa na haki. Mwambie amchukue Ami Awad na wazee wengine watakaokubali, hata wakiwa watano, waende Salt Ijumaa baada ya sala. Mara hii wajue wanakwenda kuomba nini. Mama aambiwe mwisho, na wewe uwe karibu naye. Na wewe mwenyewe, dada, uniwie radhi kwa gari, kwa punda, kwa siku mbili ulizomhurumia, na kwa miaka miwili niliyokula kwako sikukuu zote nikikutazama usoni.

Wabusu watoto macho, kila mmoja kwa jina lake. Shemeji Qasim msalimie, useme niko na kazi nyingi, jambo ambalo si uongo. Mungu akulindie nyumba yako, na atupe sote afya ya kuonana.

Ni mimi mdogo wako,
Muntasir

Barua hii nimempa dereva wa basi la Aqaba, anakufahamu. Usimjibu neno kwa mdomo. Simu yangu nimeizima na sitaiwasha. Nipo hapa Madaba kwa Labib, niliyesoma naye. Yeye anajua tu kwamba nimekosana na kazi. Ukija, au ukimtuma Ami Awad, shuka kituo cha mabasi, panda mtaa wa soko hadi duka la mazulia lenye mlango wa buluu, kisha ngazi za pembeni, ghorofa ya pili. Sema umeleta vitabu. Nipo mchana kutwa. Baba akikubali, mnikute hapa Ijumaa kabla ya saa nne, tuondoke pamoja. Akikataa, usibishane naye na usije, nitaelewa kwa kutowaona. Saa nne nitatoka. Baada ya hapo usiniulizie Madaba wala Amman. Nenda Salt, upande ngazi za nyuma ya soko hadi nyumba ya Baba Nufan, na kama sipo pale, kituo cha polisi kiko chini yake. Uliza kwa jina langu kamili, na la baba, na la babu. Nitakuwa nimekwisha litaja.